Sauti kubwa siyo sauti inayosikika

(Mazungumzo haya yalitangazwa redioni wiki hii. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakubahatika kuyasikia.)



Mavuno yakishauzwa, maduka ya vyombo vya umeme pale Iringa mjini hupata wateja. Watu waliovumilia mwaka mzima hutaka na wao wajipongeze. Leo sizungumzii siasa wala bei ya mbolea. Nazungumzia kitu kinachopigiwa kelele madukani, nacho chenyewe ni kelele: mashine za kukuza sauti ya televisheni sebuleni.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Tosamaganga aliniletea barua yeye mwenyewe hapa studio. Aliandika kwamba nyumbani kwake ana televisheni, king'amuzi, deki na sabufa yenye spika mbili ndogo. Milipuko ya sinema anaisikia mpaka vikombe vinatikisika kabatini. Ngoma anazisikia. Ila maneno ya watu hayasikii. Watoto wake walioko Dar es Salaam wamemchangia fedha anunue risiva kubwa ya spika saba. Mama anasema fedha hizo zingetosha kuezeka jiko. Mwalimu anauliza: anunue risiva ipi?

Kabla ya kwenda mbali, tuelewane kuhusu jina. Wengine wakisikia risiva wanafikiri ni king'amuzi. Mimi nasema juu ya mashine inayopokea sauti kutoka kwenye televisheni, king'amuzi au deki, ikaikuza, halafu ikaigawa kwa spika mbalimbali, kila moja na kazi yake.

Swali la Mwalimu nililiona zito kuliko lilivyoandikwa, nikaamua kwenda kwake. Kutoka Iringa mjini siyo mbali, ni mwendo wa kilometa kama kumi na tano. Wengi mnapafahamu kwa kanisa lile kongwe la misheni, kwa shule na kwa hospitali. Nilifika jioni, nikampa shikamoo yake, nikakaribishwa ugali, kisha tukakaa wote kutazama mchezo wa kuigiza.

Katika mchezo ule kijana mmoja aliingia mbio akamwambia dada yake, "Kaka yako yuko nje." Dada akaangua kilio. Mwalimu akageuka akauliza, "Sasa huyu anamlilia paka? Na tena 'paka yako' siyo Kiswahili sanifu, ilipaswa aseme 'paka wako'." Wajukuu wakacheka, naye akacheka nao. Lakini baadaye mama alinieleza kwamba siku hizi Mwalimu huaga saa mbili na nusu usiku, kabla mchezo haujaisha, akisema amechoka. Hachoki. Amechoka kuuliza.

Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Mtu mzima anajitenga na wajukuu wake sebuleni kwake mwenyewe, na dawa iliyopendekezwa ni kuongeza nguvu ya mashine. Je, itamponya?

Tuanze na neno lile "paka". Katika Kiswahili, paka, kaka na taka hutofautiana kwa konsonanti moja tu ya mwanzo. Irabu zetu, a na o na u, zina sauti nzito yenye nguvu. Konsonanti kama k, t, s na f ni nyembamba, nyepesi, na hupita haraka. Umri ukisogea, sikio hupoteza kwanza zile sauti nyembamba za juu. Mzee huyo anasikia kwamba mtu anasema, lakini haelewi anasema nini. Sasa ukimwongezea besi, unazifunika hata zile konsonanti chache zilizobaki. Kadiri sabufa inavyonguruma ndivyo maneno yanavyozama. Wajukuu wanaongeza sauti ili babu asikie, na babu anazidi kupotea.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza haukuhusu duka. Nilimwambia, "Mwalimu, hospitali ipo jirani yako hapa. Kapime masikio kwanza." Mara nyingine ni nta tu iliyoziba, na hakuna risiva duniani inayoondoa nta.

Tuje sasa kwenye namba zilizoandikwa kwenye maboksi. Sabufa ya Mwalimu ilikuwa na maandishi makubwa mbele: PMPO wati 8,000. Nikaigeuza nyuma tukasoma kile kibao kidogo ambacho watu hawakisomi. Kiliandikwa kwamba chombo kinakula umeme wati 60. Ndugu msikilizaji, chombo kinachoingiza wati 60 kitatoaje wati 8,000? Kwa kufumba na kufumbua kinaweza kuzidi kidogo, kwa umeme kiliojiwekea akiba ndani, lakini siyo zaidi ya mara mia. Ni sawa na kuambiwa ng'ombe anayekunywa ndoo moja ya maji anatoa ndoo mia za maziwa. Hiyo PMPO haina kanuni moja ya kuipimia. Kila kiwanda huandika kipendavyo. Namba ya kuuliza ni ile iitwayo RMS, yaani nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa mfululizo. Na hata hiyo uliza zaidi: imepimwa spika ngapi zikifanya kazi kwa pamoja? Risiva nyingi hupimwa spika mbili tu zikiwa zinalia.

Hata wati zikiwa za kweli, sikio la binadamu halihesabu kama duka linavyohesabu. Ukitoka wati 50 ukaenda wati 100, sauti huongezeka desibeli 3 tu, ongezeko ambalo mtu hulitambua bila kushtuka. Ili sikio lione kwamba sauti imekuwa kubwa maradufu, unahitaji wati mara kumi hivi. Anayelipa bei maradufu ili apate wati 100 badala ya 50 amenunua tofauti ndogo sana. Angechagua spika inayotoa desibeli 90 badala ya 87 kwa wati moja ile ile, angepata faida hiyo hiyo bila kubadilisha mashine.

Wenye umri wangu na kuzidi wanakumbuka redio ya mbao au ya plastiki iliyowekwa dirishani. Nguvu yake haikuwa kubwa, pengine wati moja au mbili. Hata hivyo mwaka 1978, Mwalimu Nyerere alipolitangazia taifa vita dhidi ya majeshi ya Idi Amin, watu walizizunguka redio za namna hiyo wakaelewa kila neno. Spika ile ilikuwa moja, haikuwa na besi ya kujivunia, na ilifaa sana kwa sauti ya mtu. Sisi watangazaji tunalijua jambo hilo: kazi ya kwanza ya spika ni maneno yaeleweke.

Nikaitazama sebule. Kuta za tofali za kuchoma zilizopigwa plasta, sakafu ya saruji, dirisha halina pazia, na juu ni bati bila dari. Nikapiga makofi mara moja. Sauti ikarudi, ikarudi tena. Mwangwi huo ndio unaolikanyaga neno la pili kabla la kwanza halijaisha. Mashine yenye nguvu zaidi ingeongeza na mwangwi pia.

Mwalimu alikuwa amesikia kwamba studio za redio hubandika trei za mayai ukutani. Nikamwambia ukweli kwamba trei za mayai hunyonya kidogo zile sauti nyembamba, basi, na kwa besi hazisaidii chochote. Zinazosaidia ni zulia nene katikati ya sebule, pazia zito dirishani, makochi ya sponji, na kabati la vitabu lililojaa. Mama akatoa blanketi mbili tukazitundika kwa majaribio. Tukapiga makofi tena. Hata mjukuu mdogo kabisa aligundua tofauti, na mpaka hapo hatukuwa tumetumia hata senti moja.

Je, basi hakukuwa na haja ya risiva? La hasha, haja ilikuwepo, na nitaeleza kwa nini. Sabufa ile haikuwa na spika ya katikati. Katika majumba ya sinema, spika iliyo nyuma ya kitambaa, katikati, ndiyo hubeba sehemu kubwa ya mazungumzo ili yaonekane yanatoka mdomoni mwa mwigizaji. Mwaka 1992 sinema ya Batman Returns ilipotolewa na mfumo wa Dolby Digital, sauti ziligawanywa kwa tarakimu katika njia sita: kushoto, katikati, kulia, mbili za pembeni, na moja ya besi. Mpango huo ndio uliokuja kuingia majumbani. Faida yake kwa mzee ni kwamba unaweza kuinua maneno peke yake na kuziacha bunduki mahali pake.

Kwa hiyo tulipokwenda mjini kununua, tuliangalia mambo matano.

Jambo la kwanza lilikuwa hiyo njia ya katikati, na uwezo wa kuiongeza au kuipunguza peke yake. Risiva isiyo na uwezo huo tuliirudisha rafuni, hata iwe na taa za kupendeza namna gani.

Pili tulitazama matundu. Televisheni nyingi za siku hizi zina tundu la HDMI lililoandikwa ARC, utaratibu ulioanza mwaka 2009, ambalo hupeleka sauti kwenye risiva kwa waya mmoja. Kama televisheni yako haina, tafuta tundu la waya wa mwanga. Risiva ya zamani yenye tundu hilo bado hupokea Dolby Digital vizuri. Ukiunganisha ukapata ukimya, usimwite fundi haraka. Ingia kwenye mipangilio ya sauti ya televisheni au king'amuzi, uchague PCM, usikilize tena.

Jambo la tatu ni volti, na hapa nawaomba mnisikilize sana, kwa sababu vyombo vya mitumba vimejaa sokoni. Umeme wetu ni volti 230. Risiva iliyotengenezwa kwa matumizi ya Japani ni ya volti 100, na ya Marekani ni ya volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani, inaungua, na pengine itakuunguzia na zaidi. Soma kibao cha nyuma. Kama ni volti 100, inahitaji transfoma ya kushusha umeme, na gharama yake uihesabu kabla hujalipa. Tena risiva ya Japani ina kasoro ile ile ya redio za magari ya Japani: masafa yao ya FM yalikuwa yanaanzia 76 na kuishia 90, hivyo stesheni zetu nyingi hutazipata. Mtangazaji hawezi kukushauri ununue redio isiyomsikia.

Nne ni omu, yaani kipimo cha ukinzani wa spika. Nyuma ya risiva pameandikwa kiwango cha chini, mara nyingi 6 au 8. Vijana hupenda kuunganisha spika mbili za omu 4 kwenye njia moja. Hapo mashine inaona omu 2, inachemka, inazima au inakufa. Waya nao usiwe kama uzi. Waya wa shaba wa milimeta 1.5 za mraba unatosha kabisa kwa mita kumi.

Jambo la tano ni idadi ya spika. Sauti za kutoka darini, ziitwazo Dolby Atmos, ziliingia kwenye majumba ya sinema mwaka 2012 na majumbani mwaka 2014, na ni kitu kizuri. Lakini sebule ya Mwalimu haina dari, na makochi yake yameegemea ukuta wa nyuma. Spika mbili kati ya saba zingekaa wapi? Jikoni?

Mwisho tulichukua risiva ya mtumba kutoka Ulaya, ya spika tano, kibao chake kikisema volti 230. Kabla ya kulipa, tuliisikiliza dukani kwa sauti ndogo, tukitumia flashi niliyorekodia taarifa ya habari. Muziki wenye besi huficha ubovu. Sauti ya mtu anayesoma habari huuanika. Tukajaribu kila njia, moja baada ya nyingine, tukahakikisha rimoti ipo na maikrofoni yake ya kupimia ipo. Tukanunua spika tatu za mbele tu. Za nyuma zitasubiri, na risiva huambiwa kwenye mipangilio kwamba hazipo. Sabufa ya zamani haikutupwa: ina amplifaya yake ndani, tukaiunganisha kwenye tundu la besi la risiva ikaendelea na kazi. Fedha iliyobaki haikutosha jiko zima, lakini ilinunua bati za upande mmoja, na mama alinipa mkono.

Kununua ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo watu wengi huiruka, ni kusawazisha.

Spika ya katikati tuliiweka chini ya televisheni, mdomo wake ukiinuliwa kidogo kuelekea masikio ya anayeketi. Tukakagua kwamba waya mwekundu umeingia kwenye nyekundu na mweusi kwenye nyeusi, kwa spika zote. Moja ikigeuzwa, spika hupingana, besi hupotea na sauti huwa kama inatoka nyuma ya kichwa. Kisha tukapima kwa futi kutoka kila spika mpaka kwenye kochi la Mwalimu, tukaiandikia risiva. Sauti husafiri mita moja kwa karibu sehemu 3 za elfu za sekunde, na risiva ikijua umbali huichelewesha spika iliyo karibu ili zote zifike pamoja.

Risiva nyingi huweza kufanya hayo zenyewe kwa maikrofoni. Yamaha huiita YPAO, Denon hutumia Audyssey. Lakini maikrofoni haina akili. Iweke kwenye kimo cha sikio la anayeketi, siyo sakafuni, na nyumba iwe kimya. Tulizima friji, wajukuu wakatoka nje, na bado jogoo akawika katikati ya kipimo, ikabidi tuanze upya.

Baada ya hapo tulihakiki wenyewe. Risiva hutoa sauti ya majaribio, kama mvua ya mbali, kwa kila spika kwa zamu. Simu yenye programu ya kupima desibeli haiaminiki sana kwa kipimo halisi, lakini kwa kulinganisha spika na spika inafaa. Tukazisawazisha zote zilingane pale alipoketi Mwalimu. Sauti zote nzito za chini ya hezi 80 tukazipeleka kwenye sabufa, ili spika ndogo zibaki na maneno.

Sabufa nayo ilikuwa imesukumwa kwenye kona, mahali ambapo besi huvuma kama pipa. Ipo njia rahisi ya kuitafutia nafasi: iweke kwenye kochi analoketi mtu, ipige wimbo wenye besi iliyo sawa, kisha mtu atambae sakafuni kando ya kuta akisikiliza. Mahali ambapo besi inasikika safi bila kuvuma, hapo ndipo pa kuiweka. Kazi ya kutambaa alipewa mjukuu wa miaka kumi, akaifanya kwa furaha kuliko shule.

Mwisho kabisa tukaongeza spika ya katikati desibeli 3, tukapunguza besi, na tukawasha ule mpangilio wa usiku, ambao huibana milipuko na kuinua minong'ono. Kwa matangazo ya kawaida ya njia mbili, tukachagua Pro Logic, ambayo huyachota maneno na kuyapeleka katikati.

Nisiwadanganye kwamba kila kitu kilipona. Sinema zilizosimuliwa kwa Kiswahili, kama zile za marehemu Lufufu, mara nyingi zina msimulizi na bunduki katika njia ile ile moja, na hapo risiva haiwezi kuwatenganisha. Na mvua ikianza kupiga bati mwezi wa Novemba, Mwalimu atalazimika kusubiri ipungue, au atafute dari.

Lakini jioni ile taarifa ya habari ilisomwa, naye akaisikiliza mpaka hali ya hewa bila kumwuliza mtu. Sauti ilikuwa ndogo kuliko ilivyozoeleka nyumbani pale. Hilo nalo ni la maana, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo nusu. Wajukuu wanaopiga sabufa mpaka vikombe vinacheza wanayatumia masikio ambayo watayahitaji wakiwa babu.

Basi, ndugu msikilizaji, wewe uliyeko mjini unayetaka kumtumia mzazi wako mashine kubwa, moyo wako ni mzuri. Lakini kabla ya kutuma fedha, mwulize swali moja: baba, huyasikii maneno, au huisikii sauti? Kama ni maneno, mtumie zulia, mtumie spika ya katikati, na wewe mwenyewe uje Jumamosi moja na futi mkononi umsaidie kupima.

Kwa leo naishia hapo. Tukutane wiki ijayo, saa hizi hizi. Kwaherini.